Medali ya Wavuta Kamba wa Muhaisnah

Ngamia wa Dubai ana nundu moja. Tuanzie hapo. Ukiletewa medali ya mbio za ngamia, upande mmoja sura ya mtawala, upande wa pili ngamia anatimua vumbi, na ngamia huyo ana nundu mbili, mrudishie mwenyewe na umtakie safari njema. Imechongwa mbali, na mtu anayemjua ngamia kwa kumwona kwenye kalenda. Niliwahi kumwambia hivyo muuzaji mmoja pale Deira, karibu na wanapopandia abra, zile mashua za kuvushia watu, wala hakutahayari. Aliigeuzageuza medali, akaitazama, akasema, "Hawa ni ngamia wawili, mzee. Mmoja yuko nyuma ya mwenzake." Nikamuuliza miguu ya huyo wa nyuma iko wapi. Akasema, "Anakimbia sana, haionekani." Nilicheka mpaka nikamnunulia chai, lakini medali sikuinunua.

Nawaambia haya kwa sababu nyinyi vijana wa hapa Tanga mmenichosha na maswali. Mnamwona Mzee Mbaruku karudi Dubai, kastaafu, mikono laini, hana kovu la moto wa jikoni wala kiuno cha kubeba zege, basi mnanong'ona: huyu alikuwa anafanya nini huko? Jamani! Nilikuwa msaka medali. Ndiyo, ni kazi. Msinikodolee macho. Kuna watu duniani wanakusanya vifuniko vya soda na hamwasemi.

Mwajiri wangu alikuwa Bwana Khalfan, mzee wa Kiarabu, raia wa kule kabisa, ila kazaliwa Unguja na Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe, kitamu hata akikutukana unataka aendelee. Alikuwa na duka la vitu vya kale Deira, lakini duka lilikuwa kisingizio cha kutoka nyumbani tu. Roho yake ilikuwa kwenye medali za kifalme za michezo. Nieleze vizuri. Mfalme akitawazwa, au sultani akitimiza miaka kadhaa kwenye kiti, panafanyika sherehe, na kwenye sherehe panakuwa na mashindano: farasi, makasia, riadha za watoto wa shule. Mshindi anavishwa medali yenye sura ya mkubwa mwenyewe. Hizo ndizo alizokuwa akizikusanya, za nchi yoyote na enzi yoyote.

Sharti lake lilikuwa moja. Medali itoke kwa mtu aliyeitolea jasho, au kwa watu wake. Zilizobaki kiwandani, au zilizolala kwenye droo ya afisa fulani, hakuzitaka hata bure. "Medali isiyo na mtu wake ni bati, Mbaruku," alikuwa akiniambia. "Niletee medali, niletee na mtu wake, nimsikie akisema."

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa nusu macho, nusu masikio. Macho nimeshawaambia habari ya ngamia. Masikio, nawapa siri moja ambayo hakuna aliyenifundisha. Mtu akikwambia alishinda medali hii, usimuulize alishindaje. Hilo atakutungia hadithi mpaka jua lizame. Muulize nani alikuwa wa pili. Mshindi wa kweli hamsahau wa pili, hata zipite miaka mingapi. Atakutajia jina, atakwambia alivaa nini, alivyonuna. Mwongo atakwambia, "Aa, wa pili simkumbuki, nilikuwa mbele mno." Huyo muage.

Na jambo jingine, msisugue! Nilimpata bibi mmoja mjane, mumewe alikuwa mpiga makasia hodari, kaacha medali nzuri ya zamani, nyeusi imekolea umri wake. Nikapanga siku nimlete Bwana Khalfan. Yule bibi, kwa heshima ya mgeni, akaichukua medali akaisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua masinia ya shaba huku kwetu Idi ikikaribia. Tulipofika inamulika chumba kizima. Sura ya mtawala imebaki uso tu, pua hakuna. Bwana Khalfan aliketi chini, akaishika kwa vidole viwili.

"Bibi," akasema kwa upole, "umemkata pua."

"Nimemkata pua," bibi akajibu, "lakini si kang'ara?"

Tuliinunua hivyo hivyo, maana alifanya kwa heshima yetu. Tangu siku hiyo nikimpata mtu mwenye medali, natoa salamu, kisha namwambia asisugue, halafu ndiyo najitambulisha jina.

Haya, sasa nije kwenye ile ya kamba, maana najua kuna aliyewadokeza na ndiyo iliyowaleta kibarazani kwangu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Palikuwa na sherehe za kifalme kule, na mashindano yakawa sita, kila mchezo na medali moja ya dhahabu, zote za namna moja: mbele sura, nyuma mchezo wenyewe. Farasi, ngamia, makasia, vipanga wa kuwinda, riadha, na wa sita kuvuta kamba. Huo wa kamba ulikuwa wa wafanyakazi. Bwana Khalfan alitengenezesha fremu ya mti wa msaji yenye vishimo sita vya mahameli, kabla hajapata hata medali moja. Ndivyo alivyokuwa, ananunua kikapu kabla ya kwenda sokoni. Tano tulizipata bila taabu, kwa sababu washindi wake walikuwa watu wa kupokea wageni kwa kahawa na tende, na wengine walishachoka na vikombe vilivyojaa nyumbani. Ya sita ikapotelea Muhaisnah.

Muhaisnah ndiko yaliko majengo ya kulala wafanyakazi. Wengi wanapaita Sonapur. Mabasi ya kampuni yanawatoa alfajiri, yanawarudisha jioni wamejaa vumbi, na kila chumba kina vitanda vya ghorofa na sufuria zinazogombania jiko. Nilikwenda Ijumaa baada ya sala, siku watu wamepumzika wanafua. Nikauliza huku, nikauliza kule, nikaelekezwa kwa Shomari, mwashi wa Kigoma, mwembamba, mkali, sauti kubwa kuliko mwili. Ndiye aliyekuwa nahodha wa timu.

"Nani alikuwa wa pili?" nikamuuliza baada ya salamu.

"Madereva wa mabasi," akajibu pale pale. "Wapathani wa Pakistan watupu, vifua kama milango. Yule wao wa mbele alivaa viatu vya mpira vya kijani. Mpaka leo nikipanda basi lake hanisalimii."

Moyo wangu ukatulia. Nikamuuliza medali iko wapi.

"Mwezi huu iko kwa Otieno, jengo la pili. Mwezi ujao inakwenda kwa Kizito."

Nikadhani mzaha. Kumbe wavutaji walikuwa wanane, Watanzania, Waganda na Wakenya, na medali moja. Watu wengine wangepigana, au wangeikata vipande. Hawa waliichezea mchezo. Mchezo mnaujua, si mama zenu wanacheza kila mwezi? Mnapiga kura, kila mwezi anapokea mmoja, mpaka wa mwisho apate. Basi wao badala ya kupokea fedha walikuwa wanapokezana medali. Mwenye mwezi wake anaifanyia atakavyo. Mmoja alipiga nayo picha ameegemea gari la mtu asiyemjua, akapeleka kwao. Mwingine aliivaa kanisani chini ya shati, akatoa ushuhuda. Otieno alikuwa analala nayo, na kamba yake ilimwacha na alama shingoni, wenzake wakamwita mbuzi wa sadaka.

Nikampelekea Bwana Khalfan habari. Alifurahi, akacheka, halafu akasema neno la mtu mwenye fremu yenye kishimo kitupu. "Waulize wanataka nini. Friji kubwa? Televisheni? N'tawapa vyote."

Ijumaa iliyofuata wavutaji wote wakakutana chumbani kwa Shomari. Nilipotaja friji, saba kati yao walimeza mate. Chumba kile maji ya baridi yalikuwa ndoto. Nilipoongeza televisheni, Otieno akasema, "Boss, hiyo deal imeiva, tusiongee mingi," akaanza kuvua medali shingoni.

"Mimi siuzi," ikasema sauti kutoka kitanda cha chini pembeni.

Huyo ndiye Kizito. Mganda wa Masaka, mlinzi wa jengo moja la maghorofa huko Jumeirah Village Circle, mtu mpole, mnene, hajui kukunja uso. Kwenye kamba alikuwa yeye wa mwisho kabisa, yule anayejizungushia kamba kiunoni akawa nanga. Na kwenye kura vilevile alikuwa wa mwisho.

"Kwa nini huuzi, Kizito?" Shomari akamuuliza. "Friji, bwana!"

"Ssebo, friji haiwezi kunipa mke."

Akatueleza. Alikuwa na mchumba kwao, Nakato. Kwao Buganda mwanaume hamchukui mke mpaka aende ukweni na watu wake, na zawadi, siku ya kutambulishwa wanayoiita kwanjula. Baba yake Nakato ni mwanajeshi mstaafu, ana medali zake mwenyewe kifuani, na hawaamini kabisa vijana wa Dubai. Alimwambia Kizito kwa simu, "Nyinyi wote mnarudi na simu mbili na uongo mwingi. Wewe unasema ulishinda mbele ya mfalme. Leta hiyo medali niione na macho yangu. Kama huna, usije." Kizito alikuwa ameshaomba likizo yake iangukie mwezi wake wa mchezo. Tikiti iko mkononi, na siku ya ukweni imepangwa.

"Mbele ya mfalme?" nikamuuliza. "Mfalme gani alikuja Muhaisnah?"

Kizito akajikuna kichwa. "Mzee, sura yake si iko kwenye medali? Basi alikuwepo."

Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa Shomari. Shomari alisimama, akatoa hukumu. "Mchezo hauvunjwi kabla wa mwisho hajapokea. Hata kama tungepewa duka zima la mafriji. Ukivunja mchezo kabla ya wa mwisho, huo ni wizi, na mimi timu yangu haina wezi. Otieno, vaa medali yako."

Otieno akavaa, lakini kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Niliporudi na jibu hilo nilitegemea Bwana Khalfan atanikata kichwa. Badala yake akanisaili: kura ilipigwaje, nani anayepokea, akimaliza Kizito inakwenda kwa nani. Nikamwambia inaanza upya kwa wa kwanza, haina mwisho. Akatabasamu.

"Basi na mimi waniingize mchezoni. N'tangoja zamu yangu baada ya huyo Mganda. Wallahi, mimi si mtu wa kuharibu posa ya mtu."

Nikaona tumemaliza, inshallah. Hatukumaliza. Shomari alisikiliza ombi lile mikono nyuma, kisha akasema, "Mwambie arbab, tajiri wako, tunamheshimu sana. Lakini kwenye mchezo huu anapokea aliyevuta kamba. Kama hajavuta, hapokei."

Mnanielewa, vijana? Mwashi wa Kigoma anamtumia salamu raia, tajiri, mzee wa miaka sabini na ushee, kwamba aje avute kamba. Nilitoka pale jasho linanichuruzika. Nikafikisha ujumbe nikiwa nimesimama karibu na mlango, endapo ningehitaji kukimbia.

Bwana Khalfan alivua miwani. "Lini?" akauliza.

"Bwana, ulikuwa mzaha wa..."

"Mbaruku. Nimekuuliza lini."

Ikawa Ijumaa, baada ya alasiri, uwanja wa mchanga nyuma ya majengo. Habari zilishaenea, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Gari la Bwana Khalfan likaingia, akashuka na kanzu yake nyeupe inayokata kama karatasi, akavua viatu, akapandisha kanzu akaifunga kiunoni, miguu myembamba nje. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Upande wa pili walisimama madereva walewale wa Peshawar, yule wa viatu vya kijani mbele. Shomari akampanga Bwana Khalfan nafasi ya pili kutoka mwisho, mbele ya Kizito, akamfundisha kama anavyomfundisha kibarua mpya: "Usivute kwa mikono, mzee wangu. Mikono inashika tu. Kita kisigino, lala nyuma, vuta kwa kiuno. Wakipumua, sisi ndiyo tunakwenda."

"Yalla!" mwamuzi akapiga kelele, na kabla hatujapepesa macho madereva wote walikuwa wameachia kamba. Waliiachia tu, wakasimama wima, mikono kifuani, wanatabasamu kwa adabu. Nani atakayemburuta raia kwa matako mchangani, kesho bado aendeshe basi la kampuni? Bwana Khalfan na timu yake wakaanguka chali mmoja juu ya mwingine, na yeye akatua kwenye tumbo la Kizito.

Aliinuka amejaa mchanga mpaka kwenye ndevu, na hasira ambayo sijapata kuiona. Akawaendea madereva, akawaambia kwa Kiurdu cha sokoni, kisha akatugeukia akarudia kwa Kiswahili ili tusikie wote. "Maisha yangu yote nimeachiwa! Mpaka karata naachiwa! Leo anayeniachia kamba, namwambia meneja wake kwamba ni mvivu. Vuteni!"

Wakavuta. Mola wangu, walivuta! Mara ya pili timu yetu iliburutwa kama mkeka, Bwana Khalfan anatia breki kwa visigino na kutukana Kiunguja kitupu. Mara ya tatu Shomari akaanza kuimba wimbo wa kupandisha zege, wengine wakapokea, na Kizito akajilaza nyuma, macho amefumba, midomo inasema kitu, labda Nakato. Kamba ilisimama. Ikasimama muda mrefu, haiendi huku wala kule. Nilimwona Bwana Khalfan shingo imetutumka, nikaanza kufikiria nitamwambia nini mkewe. Halafu yule wa viatu vya kijani akapumua.

Tulishinda! Nasema tulishinda ingawa mimi kazi yangu ilikuwa kushika viatu vya mzee. Jengo zima lilirukaruka. Bwana Khalfan alikaa mchangani akatazama viganja vyake, ngozi imetoka, damu kidogo, akaanza kulia. Nikamkimbilia.

"Sina neno, niache," akasema. "Mbaruku, mimi nilipokuwa mtoto pale Unguja tulishindana mbio kwenye sherehe za kifalme, skuli zote. Walivishwa watatu. Mimi nilikuwa wa nne. Wa tatu alikuwa mtoto wa mpika halua, ana kilemba kidogo cha njano, namwona mpaka leo. Medali zote nilizonunua, hakuna hata moja niliyoipata mimi."

Nilimhurumia sana. Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka na miaka nikidhani ni uchu wa tajiri tu.

Mwezi wa Kizito ukaingia. Siku ya safari alipita dukani kuaga, medali ameifunga kwenye kitambaa cha kufutia jasho na kuitia mfuko wa suruali. Bwana Khalfan akapiga ukelele. "Medali ya mfalme haitolewi mfukoni kama peremende! Ukweni? Hapana!" Akaingia ndani akatoa kisanduku chake kizuri kuliko vyote, chekundu, mahameli ndani. Akaiweka humo mwenyewe. Akamfundisha na namna ya kuingia nayo: isishikwe mkononi, ichukuliwe juu ya sinia, juu ya kitambaa cheupe, kifuniko wazi, itangulie mbele ya watu. Kizito aliitikia kila neno. Tukamsindikiza mpaka kituo cha metro.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata ndiyo ilikuwa zamu ya Bwana Khalfan. Alivaa kanzu mpya. Njiani kwenda Muhaisnah aliniuliza mara kadhaa kama ataivaa pale pale au angoje nyumbani. Chumbani kwa Shomari wavutaji wote wapo. Kizito amekaa kitanda cha chini, kichwa kimeinama, karudi mnene zaidi lakini macho yake mekundu.

"Haya, Kizito," Shomari akasema. "Kabidhi."

Kizito hakuinuka. "Haiko," akasema.

Akaeleza kwa sauti ndogo, na Shomari akimkatizakatiza kwa ukali. Walifika ukweni vizuri. Zawadi zikaingia kwa mstari, wasichana wanazichukua vichwani: vikapu vya sukari, magauni ya gomesi ya mama na mashangazi, kanzu ya baba, mkate, sabuni. Na mbele ya yote, juu ya sinia, kitambaa cheupe, kisanduku chekundu kifuniko wazi, kama alivyofundishwa. Msemaji wa ukweni akawa anapokea kimoja kimoja na kukitangaza. Akashika kisanduku. Akatangaza, "Na mkwe wetu amemletea baba medali ya mfalme!" Vigelegele. Baba mtu akasimama, akajivisha, ikakaa kifuani pamoja na zile zake za vita.

"Na wewe ukanyamaza?" Shomari akafoka.

"Ningesema nini, ssebo? Kwetu kitu kikiingia kwenye sinia siku hiyo kimeingia. Ukikidai, umeidai na sukari, umerudisha na msichana. Yule mzee alikuwa anapiga saluti. Alinikumbatia. Aliniita mwanangu."

"Umekula zamu ya mtu!" mmoja akasema. Mwingine akasema afukuzwe kwenye timu. Kizito hakujitetea. Alikuwa anamtazama Bwana Khalfan tu, na sote tulijua anawaza nini. Neno moja la mwenyeji kwa kampuni yake lingetosha kumrudisha Masaka bila kazi, na mke mpya anamngojea huko. Mimi mwenyewe niliogopa. Nilimjua Bwana Khalfan alivyoitaka ile medali, na sasa alikuwa ameitolea damu.

Bwana Khalfan alikaa ukingoni mwa kitanda, akavisugua viganja vyake ambavyo vilikuwa ndiyo kwanza vimepona.

"Mke kapatikana?" akauliza.

"Kapatikana, arbab."

"Na babake karidhika?"

"Sana, arbab. Hata kulala analala nayo."

Shomari akataka kusema, Bwana Khalfan akamnyamazisha kwa kidole. "Wewe tulia. Zamu iliyoliwa ni ya nani? Si yangu? Basi mwenye haki ya kukasirika humu ndani ni mimi peke yangu, nyie wengine mnajichosha bure. Na mimi nina neno moja." Akamgeukia Kizito, uso umekunjamana. "Unaposa kwa medali yangu, ndani ya kisanduku changu, kwa maarifa yangu mimi mwenyewe niliyokupa kwa mdomo huu, halafu narudi hapa sipewi hata sahani ya pilau? Hiyo ndiyo adabu ya Masaka?"

Ilichukua muda watu kuelewa. Aliyeelewa kwanza ni Otieno, akapiga kofi la paja. Kizito akaanza kulia kabisa, mtu mzima mnene, kamasi zinamtoka, anamshika Bwana Khalfan mkono na kuubusu. Pilau ilipikwa pale pale kwenye lile jiko la kugombania, wali ukaungua chini, nyama ngumu. Bwana Khalfan alikula amekaa sakafuni, akasema ni pilau mbaya kuliko zote alizowahi kula, akaomba tena.

Miezi ikapita. Siku moja akaja dukani mkusanyaji mwenzake kutoka Abu Dhabi, mtu wa majigambo, alikuwa hajapata hata moja kati ya zile sita. Akasimama mbele ya fremu, akahesabu kwa kidole, akafurahi kuona kishimo kimoja kitupu.

"Ya kamba huna," akasema.

"Ninayo," Bwana Khalfan akajibu, anakunywa kahawa yake. "Ila haipo hapa. Tumeposea mke."

Yule mgeni akanitazama mimi, akidhani mzee keshachanganyikiwa. Akauliza ni nani huyo aliyeoa, mwanawe au mjukuu wake.

"Mwenzangu," Bwana Khalfan akasema. "Tulivuta kamba pamoja."